Fimbo ya Mchungaji na Mkono wa Mfalme

Somo: Amosi 7:10-17

  

Katika somo letu la leo twamwona Amosi, mchunga kondoo wa Tekoa, akiwa amefika Betheli katika ufalme wa Israeli. Amesema maneno mazito juu ya nyumba ya Mfalme Yeroboamu. Kuhani wa Betheli, jina lake Amazia, amekasirika. Anapeleka habari kwa mfalme, kisha anamwambia Amosi arudi kwao Yuda akapate chakula chake huko. Sababu anayoitoa ndiyo tunayotaka muiangalie sana. Amazia hasemi kwamba Amosi amesema uongo. Anasema kwamba Betheli ni mahali patakatifu pa mfalme. Yaani hekalu lina mwenyewe, na mwenyewe si Mungu, ni mfalme.

Tukumbuke kwamba Amazia alikuwa kuhani. Alivaa mavazi ya kikuhani na kutoa dhabihu kila siku. Lakini siku ya kulisikia neno la Bwana ilipofika, alisema kama mtumishi wa ikulu. Leo twataka kuuliza swali moja: kuhani anafikaje mahali pale? Nasi tutajibu kwa kuitazama historia ya Kanisa katika Ulaya, wakati wa wafalme Wakristo wa zamani, yapata miaka elfu moja iliyopita.

Wafalme wale hawakuwa maadui wa Kanisa. Wengi wao walilipenda. Walijenga makanisa, wakatoa mashamba, wakawalinda watawa na maskini. Charlemagne, aliyevikwa taji la kaisari huko Roma siku ya Krismasi mwaka 800, aliagiza shule zifunguliwe penye makanisa na nyumba za watawa. Baadaye, huko Ujerumani, Otto wa Kwanza, aliyefanywa kaisari mwaka 962, aliwapa maaskofu mengi zaidi. Aliwapa nchi kubwa, masoko, haki ya kutoza ushuru, na hata mamlaka ya kuhukumu watu. Naye alikuwa na sababu yake. Mkuu wa kawaida akipewa nchi, humrithisha mwanawe, na baada ya miaka nyumba yake huwa na nguvu za kushindana na mfalme. Lakini askofu hakuwa na mwana wa kumrithisha. Askofu akifa, nchi hurudi mkononi mwa mfalme, naye mfalme humtafuta mwingine anayempendeza.

Basi ikawa desturi kwamba askofu mpya akitawazwa, mfalme mwenyewe humpa vitu viwili: pete na fimbo. Pete ni ishara ya kifungo chake na Kanisa, kama mume na mke. Fimbo, ile yenye kichwa kilichopinda, ni ishara ya mchungaji anayemvuta kondoo aliyepotea na kumrudisha zizini. Ndugu wapenzi, tafakarini jambo hili. Mtu anapewa kazi ya kuchunga kondoo wa Kristo, na mkono unaompa fimbo ni mkono wa mfalme. Je, siku mfalme mwenyewe atakapopotea, fimbo ile itamvuta nani?

Tusiwahukumu wafalme wote kwa pamoja. Mwaka 1046 Mfalme Henry wa Tatu wa Ujerumani alikuta watu watatu wakigombania kiti cha Papa huko Roma, akasimamia kuondolewa kwa wote watatu, na watu wengi wa Mungu wakashukuru. Tena kulikuwa na maaskofu wema waliopokea fimbo zao mkononi mwa wafalme. Lakini desturi ile ilifungua mlango. Wako walionunua uaskofu kwa fedha, dhambi ile ile ya Simoni mchawi tunayosoma habari zake katika Matendo ya Mitume mlango wa 8. Na aliyenunua kwa fedha hakukosa kutafuta namna ya kuirudisha fedha yake kutoka kwa kondoo.

Mwaka 1073 alichaguliwa Papa mmoja aitwaye Gregory wa Saba. Huyu alisema kwamba jambo hili halina budi kukoma, na mwaka 1075 akakataza wafalme wasiwape maaskofu madaraka yao. Wakati huo mfalme wa Ujerumani alikuwa Henry wa Nne, mwana wa yule Henry wa Tatu. Alikuwa kijana mwenye moyo mgumu, aliyerithi ufalme kabla hajatimiza miaka sita. Hakukubali. Akaendelea kuweka maaskofu, hata Milano kule Italia. Mwezi wa Januari 1076 akawakusanya maaskofu wake katika mji wa Worms, nao zaidi ya ishirini wakaweka sahihi barua ya kumkana Papa. Twajua kwamba baadhi yao walikuwa na malalamiko yao juu ya Gregory, maana alikuwa mtu mkali. Lakini hatuwezi kusahau fimbo zao zilitoka wapi. Betheli ilikuwa imehamia Worms.

Mwezi uliofuata Gregory alimtenga mfalme na Kanisa, akawafungua raia zake kiapo walichomwapia. Wakuu wa Ujerumani, ambao wengi wao walikuwa wamechoshwa na Henry kwa sababu zao wenyewe, wakapata nafasi. Wakamwambia kwamba asipopatana na Kanisa kabla mwaka haujatimia, hawatamhesabu tena kuwa mfalme wao. Wakamwalika Papa aje Ujerumani kuliamua jambo hilo. Maaskofu waliotia sahihi kule Worms wakaanza kumwacha mmoja mmoja. Hivyo ndivyo ilivyo, ndugu zetu. Anayekufuata kwa ajili ya fimbo uliyompa, siku ufalme wako unapotikisika atatafuta mkono mwingine.

Basi Henry akafanya safari ambayo watu hawajaisahau hata leo. Katikati ya majira ya baridi kali alivuka milima ya Alps kwenda Italia, pamoja na mkewe Bertha na mwana wao Conrad, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu. Mwandishi mmoja wa wakati ule, Lambert wa Hersfeld, asimulia kwamba malkia na wanawake waliofuatana naye walikalishwa juu ya ngozi za ng'ombe na kuteremshwa kwa kuburutwa juu ya barafu. Papa, aliposikia kwamba mfalme anakuja, alijificha katika ngome ya Canossa, iliyokuwa ya mwanamke mkuu aitwaye Matilda wa Toscana. Alidhani mfalme anakuja na jeshi.

Kumbe mfalme alikuja kutubu. Mwishoni mwa Januari 1077, kwa siku tatu, Henry alisimama nje ya lango la ngome katika baridi ile, miguu mitupu, amevaa nguo ya sufu ya mtu mwenye kutubu, akilia na kuomba rehema. Gregory mwenyewe, katika barua aliyowaandikia wakuu wa Ujerumani, alisema kwamba waliokuwa pamoja naye ndani walimlaumu kwa ugumu wa moyo wake. Mwishowe lango likafunguliwa. Mfalme akaingia, akasamehewa, akapokea tena Ushirika Mtakatifu.

Watu wengi huisimulia habari hii kana kwamba ni habari ya Papa kumshinda mfalme. Sisi twaiona kwa namna nyingine. Gregory kama mwanasiasa alikuwa na sababu zote za kuliacha lango lile limefungwa. Majuma machache tu yalibaki mwaka utimie, na adui yake angepoteza ufalme. Lakini Gregory alikuwa mchungaji, na mchungaji hana ruhusa ya kumfungia nje mtu anayelia akiomba msamaha. Alipofungua lango alipoteza faida yake, maana wakuu wa Ujerumani waliona kwamba amewaacha. Siku ile moja fimbo ilifanya kazi yake. Ilimvuta kondoo aliyepotea, na kondoo yule alikuwa mfalme.

Kama hadithi ingeishia pale, tungeimba. Lakini haikuishia pale. Mwezi wa Machi mwaka ule ule wakuu wa Ujerumani wakachagua mfalme mwingine, na vita vikaanza. Henry akarudia njia zake za zamani. Mwaka 1080 Gregory akamtenga mara ya pili na kumtambua mpinzani wake. Safari hii fimbo ilitumika kama rungu la vita, na watu wengi hawakuiogopa tena. Henry akaweka Papa wake mwenyewe, na mwaka 1084 akauteka Roma. Gregory akaita majeshi ya Wanormani waje kumwokoa. Wakaja, wakamwokoa, kisha wakauteketeza na kuupora mji ule ule aliokuwa mchungaji wake. Watu wa Roma wakamkasirikia, akaondoka pamoja na hao waliomwokoa, akafa mwaka 1085 katika mji wa Salerno, mbali na kiti chake.

Naye Henry hakuwa na mwisho mwema. Mwanawe, aitwaye Henry wa Tano, alimwasi, na viongozi wa Kanisa wakamuunga mkono kijana dhidi ya baba yake. Mzee akalazimishwa kuacha taji, akafa mwaka 1106 akiwa bado ametengwa. Jeneza lake likakaa miaka mitano katika kikanisa kisichowekwa wakfu huko Speyer, likingoja ruhusa ya kuzikwa kanisani pamoja na baba zake. Ruhusa hiyo ikapatikana mwaka 1111.

Ndugu wapenzi, mwaka huo wa 1111 lilitokea jambo ambalo watu wengi hawalijui, nasi twataka mlisikie vizuri, maana ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Henry wa Tano alikwenda Roma kuvikwa taji la kaisari. Papa wa wakati huo, Paschal wa Pili, akatoa pendekezo ambalo hakuna aliyewahi kulitoa namna ile. Alisema: mfalme aache kabisa kuwapa maaskofu pete na fimbo. Nao maaskofu wamrudishie mfalme nchi, masoko, ushuru na mamlaka yote waliyopewa na wafalme tangu siku za Charlemagne. Kanisa liishi kwa zaka, kwa sadaka, na kwa mali iliyotolewa na watu binafsi. Mfalme achukue kilicho chake, na Kanisa libaki na kilicho chake.

Mfalme alikubali. Tarehe 12 Februari mapatano yale yakasomwa mbele ya watu katika kanisa la Mtakatifu Petro. Je, mwadhani maaskofu walimshukuru Mungu kwamba siku ya uhuru imefika? Hasha! Kelele zikajaa kanisani. Maaskofu wakakataa, na pamoja nao wakuu wengine waliokuwa na faida katika mali ile. Walitaka uhuru, na walitaka mashamba pia. Hawakuwa tayari kulipa gharama. Mkutano ukavunjika, na mfalme akamkamata Papa na makadinali pamoja naye, akawaweka kizuizini kwa muda wa miezi miwili, mpaka Paschal aliposalimu amri na kumruhusu mfalme kutoa pete na fimbo kama zamani.

Hata hivyo ugomvi haukwisha. Mwaka 1122, katika mji ule ule wa Worms, Papa Calixtus wa Pili na Henry wa Tano wakapatana. Mfalme aliacha pete na fimbo, maana hizo ni ishara za kazi ya kiroho. Lakini aliendelea kumkabidhi askofu nchi na mali kwa kumgusa na fimbo ya kifalme, na huko Ujerumani maaskofu walichaguliwa mbele yake. Lilikuwa jambo jema kwamba amani ilipatikana. Lakini mali ilibaki, na pamoja na mali ule uzi mwembamba wa kumvutia askofu nao ukabaki.

Huko Uingereza, ambako Kanisa letu la Kianglikana lina mizizi yake, mambo kama hayo yalitokea. Mwaka 1093 Mfalme William wa Pili aliugua sana huko Gloucester, akaogopa kifo. Alikuwa amekiacha kiti cha Canterbury wazi kwa karibu miaka minne ili apate kula mapato yake. Sasa akamwita mtawa mmoja mwenye elimu na utauwa, jina lake Anselm, awe Askofu Mkuu. Anselm akakataa. Wakamshika, wakamvuta mpaka kitandani pa mfalme, na alipofumba vidole vyake wakamkandamizia fimbo juu ya ngumi yake. Mfalme akapona, na toba yake ikaondoka pamoja na ugonjwa. Anselm, kwa ajili ya kusimama imara mbele ya wafalme wawili mmoja baada ya mwingine, alikwenda uhamishoni mara mbili, mpaka patano likapatikana mwaka 1107. Twaona, basi, kwamba aliyefumba vidole mbele ya fimbo ya mfalme ndiye aliyekuwa na kinywa cha kumwambia mfalme kweli.

Sasa tujiulize wenyewe. Hapa Kenya askofu hapokei fimbo yake mkononi mwa serikali, nasi twamshukuru Mungu. Lakini je, hakuna mkono mwingine? Parishi inajenga kanisa. Mabati hayatoshi, na kamati imechoka kuchangisha. Siku ya harambee anakuja mkubwa mmoja na bahasha, na paa linapatikana. Zawadi yenyewe si dhambi. Tajiri naye ni Mkristo, na anayo haki ya kumtolea Bwana. Swali ni lile la Betheli: baada ya siku ile, kanisa lile ni la nani? Jumapili inayofuata, somo likiwa juu ya shamba la Nabothi, mhubiri atalisoma kwa sauti ile ile? Au atapunguza sauti kidogo akikumbuka paa lilitoka wapi? Kwa sababu hiyo twaona hekima katika tangazo la mwaka 2021, Kanisa letu liliposema kwamba wanasiasa wasipewe nafasi ya kuhutubia katika ibada zetu. Lakini tangazo halitoshi. Maaskofu wa mwaka 1111 walipenda kusikia habari za uhuru mpaka waliposikia bei yake. Mkristo asiyetoa sadaka yake ndiye anayempeleka mchungaji wake kwenye bahasha ya mkubwa. Kanisa lenye ukuta wa udongo lililojengwa kwa shilingi za wajane lina mimbari iliyo huru.

Tena tusilisahau neno la pili. Fimbo si rungu. Wako Wakristo wanaofurahi kusikia mtawala akikemewa, kwa sababu hawampendi, au kwa sababu si mtu wa upande wao. Huyo si Nathani. Nathani alikwenda kwa Daudi, akamwambia dhambi yake uso kwa uso, na Daudi alipotubu, Nathani yule yule alimwambia kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake. Someni 2 Samweli mlango wa 12. Mtume Paulo atuagiza katika 1 Timotheo 2 tuwaombee wafalme na wote wenye mamlaka. Usiyemwombea huwezi kumkemea sawasawa. Mfalme naye ni kondoo. Ana roho ya kupotea na roho ya kuokolewa, na siku atakapofika langoni akilia, awe chifu, awe mbunge, awe tajiri aliyewanyang'anya wajane, tusimwache kwenye baridi kwa sababu kuanguka kwake kunatufaa.

Nasi sote, hata tusio wachungaji, tuna fimbo ndogo mikononi mwetu. Baba ana fimbo nyumbani mwake, mwalimu shuleni, mzee wa kanisa katika mtaa wake. Tuulizane kwa upole usiku huu: nani aliyetupa fimbo hii? Na je, yuko mtu ambaye hatuwezi kumwambia kweli kwa sababu ya kitu alichotupa? Kama yuko, tumrudishie kitu chake. Itatuuma, lakini kinywa chetu kitafunguka. Amosi alipofukuzwa Betheli alimjibu Amazia kwamba yeye hakuwa nabii wala mwana wa nabii, bali Bwana alimtwaa nyuma ya kondoo. Alijua ni nani aliyemtuma, na kwa hiyo hakuogopa kurudi kwao na kula mkate wake mkavu.

Na tuombe. Ee Bwana, Mchungaji Mwema, uliyeutoa uhai wako kwa ajili ya kondoo, twawaombea watawala wa nchi yetu na wa nchi zote, uwape hekima na moyo wa toba. Waombee watu wako wachungaji waaminifu, wasionunuliwa kwa zawadi wala kutishwa kwa nguvu. Utupe sisi mkono mwepesi wa kutoa, ili nyumba yako isiwe na mwenyewe mwingine ila wewe. Utupe na moyo wa kufungua lango kwa kila atubuye, kama wewe ulivyotufungulia sisi. Twaomba haya katika jina lako wewe uliye Mfalme wa wafalme. Amina.

Mungu awabariki nyote. Kwaherini.